Baiskeli za Wanawake na Nusura ya Aliyedhulumiwa



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), twapenda katika kurasa hizi kulijibu swali tuliloulizwa katika darsa yetu ya hapa Thika, swali lililozusha maneno mengi na hata hasira baina ya watu wapendanao. Nimekaa nalo siku nyingi kabla ya kushika kalamu, na sababu ya kukawia kwangu nitaieleza kabla ya kumaliza, kwani haifai mtu kuwahukumia wengine ilhali jambo lake mwenyewe amelificha chini ya jamvi.

Kisa chenyewe ni hiki. Asubuhi moja ya Jumamosi kundi la wanawake, wengine Waislamu na wengine Wakristo, walitoka hapa Thika wakaenda Ruiru kwa baiskeli, mwendo wa kilomita zipatazo 20, wakipita Witeithie na Juja, na kabla ya adhuhuri wakawa wamekwisha kurudi. Mbele walikuwa wamefunga kitambaa kilichoandikwa kwamba safari ile wanaifanya kwa ajili ya wanawake wa Afghanistan, ambao wamezuiliwa kusoma na kutembea. Walipopita karibu na msikiti baadhi yetu tulikuwa barazani. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akatikisa kichwa akasema, "Maalim, hizi ndizo alama za Kiyama." Kijana mmoja katika wanafunzi wetu akamjibu kwa adabu, "Babu, naomba radhi. Linalokuudhi hapo ni lipi: ni baiskeli, au ni kuwa aliye juu yake ni mwanamke?" Mzee hakujibu. Siku ya pili yake kijana yule akalileta swali darsani, na akaliongeza la pili juu yake: kama jambo hili ni halali, je, lina faida gani? Mwanamke aliyefungiwa Kabul apata nini kwa kuwa mwanamke wa Thika ametoka jasho katika njia ya Ruiru?

Haya ni maswali mawili, na mengi katika maneno yaliyosemwa siku ile yalikuwa magomvi ya watu waliokuwa wakijibu moja kwa jawabu ya jingine. Basi na tuyatenge.

Ama la kwanza, asili ya vitu ambavyo Mwenyezi Mungu ametusakhirishia ni halali mpaka ije dalili ya kuvikataza, na hii ni kanuni aijuayo kila aliyesoma usuli hata kidogo. Anayesema "haramu" ndiye atakiwaye kuleta dalili. Anayesema "halali" hatakiwi kitu. Baiskeli ni kipando. Na wanawake wamekuwa wakipanda tangu zama za Mtume (s.a.w.) na kabla yake. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume aliwasifu wanawake wa Kikureshi kuwa ndio bora wa wanawake wapandao ngamia, kwa huruma yao juu ya watoto na uangalifu wao wa mali za waume zao. Tazameni jinsi kupanda kulivyotajwa hapo: kama jambo la kawaida lisilohitaji kutetewa, mfano wa mtu asemapo "wanawake wapikao" au "wanawake walimao". Na Abu Hurayra (r.a.), aliyeipokea Hadithi ile, aliona ni lazima aongeze kwamba Bibi Maryamu hakupata kupanda ngamia, asije mtu akadhani kuwa Wakureshi wamefadhilishwa juu yake. Faida hii ndogo hunifurahisha kila niisomapo.

Umm Haram bint Milhan (r.a.) alimwomba Mtume amwombee awe miongoni mwa watakaopanda bahari kwa jihadi, akamwombea. Akasafiri na jeshi mpaka kisiwa cha Kupro, na huko akaanguka kutoka juu ya kipando chake akafa. Kaburi lake watu walizuru hata leo, karibu na mji wa Larnaca. Hakuna mwanachuoni aliyesema kwamba kuanguka kule kulikuwa adhabu ya kupanda kwake. Wote wamekuhesabu kuwa shahada.

Wapo watakaosema: lakini ngamia hupandwa ndani ya howdaji, na baiskeli hukaliwa kwa kutanua miguu juu ya tandiko. Hoja hii si mpya. Yapo maneno yanayonasibishwa kwa Mtume ya kuwalaani wanawake wapandao matandiko, na baadhi ya vitabu vya fiqhi ya Kihanafi vimeyategemea. Lakini wanazuoni wa Hadithi walipoyatafuta maneno hayo hawakuyaonea asili: Az-Zaylai ameyaita mageni sana, na Ibn Hajar amesema kwamba hakuyapata. Tena hata hao Mahanafi hawakukataza moja kwa moja. Katika Ad-Durr al-Mukhtar imeelezwa kwamba katazo ni kwa mwenye kupanda kwa ajili ya mchezo tu. Ama mwenye haja ya vita, au Hija, au makusudio ya dini au ya dunia asiyoweza kuyakosa, basi hapana ubaya. Hivyo ndivyo walivyosema watu wa karne zilizopita, juu ya farasi, wakitegemea maneno yasiyothibiti. Leo mtu wa Thika, tena wa madhehebu ya Imamu Shafi, yu mkali kuliko wao juu ya baiskeli, wala hana kitabu mkononi.

Vazi ni mlango wake mbali. Mwanamke ameamrishwa sitara akiwa juu ya baiskeli, akiwa ndani ya matatu, akiwa sokoni. Anayeweza kujisitiri apande; asiyeweza na ashone nguo nyingine. Nimewaona kwa macho yangu siku ile waliovaa suruali pana na kanzu iliyofika magotini na mitandio iliyofungwa vizuri chini ya kofia ya chuma, na sikuona kwao upungufu wa heshima. Nalilochukia ni gari lililowafuata likipiga muziki kwa sauti kubwa, na nimelisema hili waziwazi ili nisidhaniwe kuwa nimesifu kila kilichokuwako.

Lakini Hadithi iliyonifikirisha zaidi kuliko zote ni ya Asmaa bint Abi Bakr (r.a.). Yeye aliolewa na Zubayr (r.a.) wakati Zubayr hana mali ila farasi na ngamia wa kutekea maji. Asmaa alikuwa akimlisha farasi, akiteka maji, akikanda unga, na akibeba kokwa za tende juu ya kichwa chake kutoka katika shamba alilopewa Zubayr, mwendo wa theluthi mbili za farsakhi, yaani zaidi ya kilomita 3. Siku moja akiwa na mzigo wake kichwani akakutana na Mtume (s.a.w.) pamoja na baadhi ya Ansari. Mtume akampigisha ngamia wake magoti ili ampakie nyuma yake. Asmaa akaona haya kwenda pamoja na wanaume, na akakumbuka wivu wa mumewe, kwani Zubayr alikuwa mwenye wivu kuliko watu wote. Mtume akaitambua haya yake akaenda zake. Alipofika nyumbani akamhadithia Zubayr. Na Zubayr, mwenye wivu yule, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba kubeba kwake zile kokwa kulikuwa kuzito juu yake kuliko kupanda kwake pamoja na Mtume.

Ndugu zangu, isomeni Hadithi hii polepole. Haya ya Asmaa ilikuwa njema, wala Mtume hakumlazimisha. Lakini mume, alipolijua jambo, wivu wake haukukiendea kipando, uliuendea mzigo. Sisi tunafanyaje? Katika njia zetu za Kiambu mwanamke hupita ameinama chini ya mzigo wa kuni, ukanda umemkata kipaji cha uso, mtungi wa maji mkononi na mtoto kifuani, wala hakuna baraza inayonyamaza ili kumtazama, wala hapatikani mzee wa kusema kuwa hizi ni alama za Kiyama. Mwanamke huyo huyo akikaa wima juu ya baiskeli, mzigo wake akaufunga nyuma, ndipo tunapomwona. Wivu wa namna hii Zubayr hakuujua.

Isitoshe, chuki hii ya baiskeli ya mwanamke haikuanzia kwetu, wala si ya Uislamu. Mwaka 1897 katika chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, ilipopigwa kura kama wanawake wapewe shahada kamili au wasipewe, wanafunzi wanaume walitengeneza sanamu ya mwanamke aliyepanda baiskeli wakaitundika juu ya njia mbele ya ukumbi wa chuo. Na kura iliposhindwa wakaishusha wakairarua. Wanawake wa Cambridge walingoja mpaka mwaka 1948. Wanaume wale hawakuwa wamesoma Fat-hul Muin! Na jirani zetu wa Uganda, katika sehemu nyingi Waislamu na wasio Waislamu waliona aibu mwanamke kuendesha baiskeli, ilhali mwanamume akimpakia nyuma hapana neno. Yaani aibu haikuwa ya kukaa juu ya baiskeli, bali ya kushika usukani. Hii ni ada, na ada tumeamrishwa kuipima kwa dini, si kuivisha joho la dini.

Saudia ndiyo ibra iliyo kubwa. Mwezi wa Novemba mwaka 1990 wanawake 47 waliendesha magari katika mji wa Riyadh. Wakanyang'anywa pasi zao za safari, wengine wakaachishwa kazi, na wanazuoni wakubwa wakatoa fatwa kwamba mwanamke kuendesha gari haifai. Mwaka 2013 ikaripotiwa kwamba wanawake wa huko wameruhusiwa baiskeli, lakini katika bustani na mahali pa matembezi tu, pamoja na mahram na ndani ya abaya. Kisha mwezi wa Septemba mwaka 2017 ikatoka amri ya mfalme, na mwezi wa Juni mwaka 2018 wanawake wakawa wanaendesha magari. Na baraza la wanazuoni wakubwa likaiunga mkono amri ile. Je, baina ya mwaka 1990 na mwaka 2017 ilishuka aya mpya? Haikushuka. Basi ama ile ya kwanza haikuwa hukumu ya Mwenyezi Mungu, ama hii ya pili. Wengi katika hao wanazuoni ni watu wakubwa ambao sisi hatufikii nyayo zao. Lakini mwanafunzi ana haki ya kuuliza: wale 47 waliotaabishwa kwa jina la Mola wao, ni nani atakayewataka radhi?

Sasa na tuje kwenye swali la pili, ambalo kwa kweli ndilo gumu: faida yake nini?

Kwanza tuwajue wanaotajwa. Baada ya watawala wa sasa wa Afghanistan kurudi Kabul tarehe 15 Agosti 2021, shule za sekondari zilifunguliwa kwa wavulana bila ya wasichana. Mwezi wa Disemba mwaka ule mwanamke akakatazwa kusafiri zaidi ya kilomita 72 bila ya mahram. Mwezi wa Machi 2022 wasichana waliambiwa warudi shuleni, wakaenda na vitabu vyao, na siku ile ile wakarudishwa nyumbani. Mwezi wa Novemba wakazuiliwa bustani za umma za Kabul, na mwezi wa Disemba 2022 wakafungiwa vyuo vikuu. Ama baiskeli, hata kabla ya hapo walioipanda walikuwa wakitukanwa na kurushiwa mawe. Masomah Ali Zada, binti wa Kiafghani, aliyapata hayo barabarani mwa Kabul, akakimbilia Ufaransa, na mwaka 2021 akashindana mbio za baiskeli katika Olimpiki ya Tokyo chini ya bendera ya wakimbizi, naye amejifunga mtandio. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara wa wakimbizi. Na Oktoba 2022 mabingwa wa Afghanistan kwa wanawake walitafutwa katika mji wa Aigle, Uswisi, kwa kuwa nchini kwao hapakuwa na barabara hata moja ambayo wangeweza kushindana. Aliyeshinda ni Fariba Hashimi.

Hapo Iran nako, mwaka 2016, Ayatollah Ali Khamenei aliulizwa juu ya wanawake kupanda baiskeli mbele ya watu, akajibu kwamba jambo hilo huvuta macho ya wanaume na huleta ufisadi, basi na liachwe. Mwaka 2019 mwendesha mashtaka wa Isfahan akatangaza kulizuia katika mji wake. Angalieni: macho ni ya mwanamume, na adhabu ni ya mwanamke. Ilhali katika Suratun Nur amri ya kuinamisha macho wameanza kupewa wanaume kabla ya wanawake.

Basi hao ndio waliopandiwa baiskeli kutoka Thika mpaka Ruiru. Wanaopinga wana hoja ambazo hazifai kudharauliwa. Wanasema ni riyaa, watu wanapigana picha. Wanasema watawala wa Kabul hawajui hata kuwa kuna mji uitwao Ruiru. Wanasema, na hii ndiyo iliyo kali zaidi, kwamba Waislamu wakiunga mkono mambo haya wanawapa silaha wale wautukanao Uislamu.

Riyaa iko moyoni, na moyo wa mtu hatukupewa ufunguo wake. Imamu naye huweza kusali kwa riyaa, wala hatukuifunga mihrabu. Ama kutofika khabari Kabul, ni kweli. Hakuna mlango wa shule uliofunguliwa Afghanistan kwa safari ile, na anayedai kuwa umefunguliwa anajidanganya. Lakini shahidi hatakiwi kushinda kesi, atakiwa kushuhudia. Kadhi akiikataa shahada ya kweli, dhambi ni ya kadhi, na shahidi amekwisha kuitoa amana. Na shahada hii ina jambo ambalo maneno matupu hayana. Mwanamke aliyepanda kilima cha Ndarugo kwa miguu yake, kifua kikimwaka na malori yakimpita ubavuni, amekijua kwa mwili wake kitu alichonyimwa mwenzake: kwamba mwili huu ni amana yake, na kwamba njia ni ya waja wote wa Mwenyezi Mungu. Mtume (s.a.w.) amewafananisha waumini na mwili mmoja, kiungo kimoja kikiuma mwili wote hukesha kwa homa. Anayetaka kushiriki homa hiyo kwa miguu yake, ni nani mimi nimwambie kwamba atosheke na kuisoma khabari?

Inabaki ile hoja ya tatu, ya silaha kwa maadui. Hapa nataka kusema wazi. Mtume (s.a.w.) alipoamrisha kumnusuru ndugu akiwa mwenye kudhulumu au mwenye kudhulumiwa, Masahaba walistaajabu: huyu wa pili tumemfahamu, huyo wa kwanza atanusuriwa vipi? Akawaeleza kuwa kumnusuru ni kumzuia na dhulma yake. Kwa hivyo nusura ina sehemu mbili. Aliyedhulumiwa ananusuriwa na kila mtu: Mwislamu, Mkristo, mwenye baiskeli, mwenye kalamu. Lakini mdhulumu asemaye kwamba anafanya haya kwa sharia ya Mwenyezi Mungu, ni nani awezaye kumzuia kwa kumwambia kwamba sharia haisemi hivyo? Si wale wanawake, hatawasikiliza. Ni sisi wenye vilemba. Sehemu ile ya wanawake wameifanya kwa kadiri ya uwezo wao, katika jua. Yetu iko wapi?

Wapo walioifanya. Mwezi wa Disemba mwaka 2022, wasichana wa Afghanistan walipofungiwa vyuo vikuu, Sheikh Ahmad al-Tayyib wa Al-Azhar alitoa tangazo kwamba katazo lile linakwenda kinyume na sharia ya Kiislamu. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa akihimiza elimu ya wasichana tangu miaka ya 1930 katika gazeti lake la Al-Islah, wakati ambapo kusema hivyo kulimletea mtu maadui mlangoni. Lakini katika misikiti ninayosali mimi, kutoka Thika mpaka Ruiru, sikusikia hata khutba moja juu ya jambo hili mwaka ule wala miaka iliyofuata. Wala mimi, niliyepanda mimbari mara nyingi, sikuitoa. Watu wautukanao Uislamu hawakupewa silaha na wanawake wenye baiskeli. Wamepewa na kunyamaza kwetu. Mtu wa nje asikiapo dhulma inafanywa kwa jina la dini, na wenye dini wamekaa kimya, atajuaje kwamba hawakuridhia?

Tena tusijidanganye kwamba dhulma ni ya Kabul peke yake. Mwaka 2014, Githurai, kando ya barabara hii hii ya Thika tunayoisifu kwa upana wake, wanaume walimvua mwanamke nguo na kumnyang'anya mali yake; na mwaka 2017 mahakama ikawahukumu watatu kati yao kifo. Mwezi wa Novemba wa mwaka ule wa 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwingine kuvuliwa nguo mjini na wanaume waliodai kuwa hakujisitiri. Fikirini: wanamkosoa kwa kutojisitiri kwa kumvua hata alichokuwa nacho! Baadhi yetu wakati ule tulisema "alitaka mwenyewe". Baina ya maneno yale na ya watawala wa Kabul tofauti ni ya kadiri, si ya aina. Mwenye kumlilia dada wa mbali na amwangalie na wa karibu. Na nimeambiwa kwamba waliopanda baiskeli walilijua hili, kwa kuwa walisimama Githurai katika mazungumzo yao kabla ya kufika Kabul.

Nimefika sasa mahali nilipoahidi kufika.

Miaka kumi na kitu iliyopita binti yangu mkubwa alikuwa darasa la saba. Tulikuwa tukikaa Makongeni, na madrasa ilikuwa mjini. Kaka yake alikuwa na baiskeli. Akaniomba naye nimnunulie, ili akitoka shule awahi madrasa. Nikamwambia kwamba baiskeli si ya wanawake. Akaniuliza, "Imeandikwa kitabu gani, Baba?" Nikamjibu kwamba vitabu ni vingi. Naapa kwamba hakikuwako hata kimoja. Nilikuwa nimewaza watu wa barazani watasema nini wakimwona binti wa sheikh. Akawa anakwenda kwa miguu, anachelewa, na maalim mmoja akawa anamchapa kwa kuchelewa. Kabla ya kuimaliza juzuu ya kumi aliacha. Hakuacha kwa hasira, alichoka tu. Mimi nilimlaumu kwa uvivu, tena mbele ya watu.

Binti huyu sasa ni mama wa watoto wawili naye anakaa Ruiru. Siku ile ya safari ya baiskeli alisimama kando ya njia pamoja na wenzake wakiwagawia maji waliofika kutoka Thika. Alinihadithia mwenyewe kwa simu, kwa furaha. Nikamuuliza kwa nini naye hakupanda, kwani ni mwepezi na ana nguvu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, mimi sijui kuendesha."

Hiyo ndiyo sababu ya kukawia kwangu kuandika. Niliona nikiwajibu watu kwa Bukhari na Ibn Hajar kabla ya kumjibu yeye nitakuwa nimefanya lile lile nililolifanya zamani, la kujificha nyuma ya vitabu, ijapokuwa safari hii vitabu vipo. Nikaenda Ruiru kwa matatu, nikakaa naye, nikamwambia mbele ya mumewe kwamba siku ile nilisema uwongo juu ya dini ya Mwenyezi Mungu, na kwamba kuchelewa kwake madrasa kulikuwa dhambi yangu wala si yake. Alilia, nami sikujua la kufanya. Baadaye akaniuliza kama mdogo wake, aliye darasa la sita sasa, amekwisha kuniomba baiskeli. Nikamwambia ameomba. Akasema, "Basi usimwambie vitabu ni vingi."

Baiskeli tumeinunua, ya mtumba, ile isiyo na chuma cha juu, na siku hizi inaegemezwa ukutani kwa madrasa tangu baada ya Laasiri mpaka karibu na Magharibi. Maalim mmoja amekwisha kuniuliza, si kwa ubaya, kwamba ninayo dalili gani. Nimemkaribisha darsani Jumapili ijayo baada ya Adhuhuri, aje na kitabu chake, nami nitakuja na vyangu. Na yeyote katika wasomaji apendaye kuhudhuria, mwanamume au mwanamke, nafasi ipo, na kwa baiskeli pana kivuli cha mwembe nyuma ya msikiti.